Je, Senema Huwafundisha Wevi Kukwepa Mkono wa Sheria?

Yapo maneno yasemwayo sana katika matawi, viwandani, na katika vituo vya mabasi ambako wafanyakazi hungojea usafiri wa alfajiri: kwamba wevi wa siku hizi hawakamatiki kwa sababu wamesomeshwa na senema na televisheni. Nyumba ikivunjwa usiku na wenyewe wasiamke, husemwa, "Hao wameona picha." Duka likiporwa na watu waliovaa sare za askari, husemwa vivyo hivyo. Na dawa itajwayo huwa ni moja tu, nayo ni kuzipiga picha hizo marufuku, ili mhalifu abaki mjinga, naye akiwa mjinga atakamatwa.

Gazeti la Chama haliwezi kulipuuza neno ambalo wanachama wengi hulisema kwa moyo safi. Keshia wa chama cha ushirika aliyefungwa kamba na kuporwa fedha za wakulima, au mama aliyeibiwa mtaji wa genge lake, hana nafasi ya kusikiliza mabishano ya wasomi. Ataka kujua kama aliyemtenda uovu huo atapatikana. Kwa hiyo swali hili twaliuliza waziwazi, wala si kwa kutaka kuwatetea wenye senema, ambao wana fedha za kutosha kujitetea wenyewe: je, mhalifu aliyetazama picha nyingi za ujambazi huokoka na mkono wa sheria kuliko yule asiyezitazama? Tumeyachungua mambo yaliyotukia katika nchi mbalimbali, na jibu tulilolipata ni kwamba haokoki. Senema yaweza kumpa mtu wazo la kuanzia. Namna ya kumaliza salama haimpi, kwa sababu senema yenyewe haiijui.

Hofu hii si ya leo. Mwaka 1903 Wamarekani walitengeneza picha fupi, ya dakika zipatazo kumi na mbili, iliyoonyesha majambazi wakiteka treni. Tangu hapo ujambazi na senema havijaachana. Mwaka 1930 wenye kampuni za Hollywood walijiandikia kanuni, zikaanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, zikadumu hadi mwaka 1968. Kanuni hizo zilikataza kuonyesha kinaganaga jinsi ya kuiba, kuvunja sefu, kulipua treni na majengo, au kuchoma mali kwa makusudi. Tena sheria ilipaswa kushinda kabla taa za ukumbi hazijawashwa. Kwa muda wa miaka 34, basi, Marekani ilikuwa na senema ya namna ile ile wanayoitamani ndugu zetu wanaotaka marufuku. Hatujasikia kwamba polisi wa Chicago na New York walipata likizo katika miaka hiyo.

Hata hapa kwetu mwizi aliingia katika senema mapema sana. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na mpango wa kutengeneza picha za mafunzo kwa ajili ya Waafrika, na makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Zilitengenezwa picha 35. Mojawapo ilihusu akiba ya Posta: mtu mmoja afukia fedha zake ardhini, mwizi azichukua, mwenzake aziweka Posta, naye azikuta salama. Wakubwa wale walitaka kufundisha kuweka akiba, lakini walimhitaji mwizi ili hadithi iende. Twaamini hapakuwa na mtu hata mmoja mle Usambara aliyehitaji picha ya Mzungu ili ajue kwamba kilichofukiwa chaweza kufukuliwa.

Sasa tuje kwenye mambo yatajwayo na wale wasemao kwamba senema ni chuo cha wevi. Hatutaki kuwadhulumu; wanayo mambo ya kutaja, tena ya kweli.

La kwanza ni picha iliyotengenezwa Ufaransa mwaka 1955 na Jules Dassin, Mmarekani aliyekuwa amekosa kazi kwao kwa sababu ya siasa. Jina lake ni *Du rififi chez les hommes*. Ndani yake wanaume wanne wavunja duka la vito mjini Paris, na kwa muda upatao nusu saa hapasikiki neno wala muziki. Mtazamaji aona kazi tu, hatua kwa hatua, mpaka jasho lamtoka pamoja nao. Picha hiyo ilizusha makelele makubwa. Huko Mexico iliondolewa majumbani mwa senema baada ya kutukia wizi uliofanana nao. Dassin alijibu kwamba picha yake yaonyesha jinsi kazi ya wizi ilivyo ngumu. Wengi walilicheka jibu hilo, lakini sisi twaona lina maana kuliko walivyodhani. Maana wale wevi wa Dassin walishinda ukuta, wakashinda kengele, wakashinda sefu. Kisha mmoja wao akampa mwanamke pete moja iliyotoka katika mali ile. Pete hiyo iliwafikisha kwa wabaya wenzao, na mwisho wa picha hakuna hata mmoja wa wanne hao aliyefaidi. Yule aliyejifunza kutoboa dari kwa kutazama picha hiyo alikuwa na nafasi, kwa tikiti ile ile, ya kujifunza habari ya pete. Lakini somo hilo la pili halifundishiki kwa urahisi.

La pili lilitukia Australia. Mwaka 1966 televisheni ya Marekani ilionyesha mchezo juu ya bomu lililofichwa katika ndege, la namna ambayo ndege ikishuka chini ya kimo fulani litalipuka. Basi ndege yabaki angani ikizunguka wakati mhalifu adai fedha. Baada ya mchezo huo simu za vitisho ziliongezeka, hata mwaka 1971 wakuu wa usafiri wa anga wa Marekani wakawasihi wenye vituo wasiuonyeshe tena. Mwaka huo huo, tarehe 26 Mei, mtu aliyejiita Bwana Brown alipiga simu mjini Sydney akasema kwamba bomu la jinsi hiyo limo katika ndege ya Qantas iliyokwisha ruka kwenda Hong Kong. Ili aaminiwe, alikuwa ameacha bomu la mfano katika kabati la mizigo kiwanjani. Ndege ilizunguka angani saa nyingi ikiyamaliza mafuta yake, na kampuni ikalipa dola 500,000 za Australia. Kisha Bwana Brown akapiga tena simu: bomu halimo. Ndege ikatua salama, na mwenye kuzipokea fedha akatokomea mjini.

Hapo ndugu msomaji aweza kusema, "Tazama, televisheni imemfundisha." Ndiyo, imemfundisha. Wazo lilitoka katika mchezo ule, na hatuna sababu ya kukana. Lakini tuendelee mbele kidogo. Hazikupita siku nyingi, watu wakaanza kujiuliza habari ya kijana mmoja asiyejulikana kuwa na utajiri, ambaye sasa anunua magari ya fahari na nyumba, tena kwa fedha taslimu. Polisi walimkamata kabla mwaka haujaisha, pamoja na msaidizi wake, naye akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Mchezo wa televisheni ulimpa hila ya kuipata nusu milioni. Namna ya kukaa na nusu milioni chini ya kitanda, huku akiendelea kupanda basi kama jana, haikuwamo katika mchezo. Wala twadhani hapana mtungaji awezaye kuitunga, kwa kuwa hakuna atakayelipa kiingilio ili amtazame mtu aliyekaa kitako bila kununua kitu.

La tatu ni la karibuni zaidi. Mwaka 2010 ilitoka picha ya Kimarekani iitwayo *The Town*, yenye habari za waporaji wa benki wa mji wa Boston. Wale wa kwenye picha hujivika sura za bandia na sare za polisi, nao humwaga jiki ili kuharibu vinasaba wanavyoweza kuwa wameviacha. Februari 2012 wanaume watatu walipora duka la kubadilishia hundi huko Queens, mjini New York, wakaondoka na dola zipatazo 200,000. Walivaa mavazi ya kipolisi. Walivaa sura za bandia zilizotengenezwa kwa ustadi mkubwa, hata mtu asijue kama ni ngozi ama ni mpira. Walimwaga jiki. Walimwonyesha keshia picha ya nyumba yake mwenyewe, ili ajue kwamba wanajua alalako. Hawa, kwa kweli, walikuwa wanafunzi wasikivu.

Basi walikamatwaje? Ile picha ya nyumba waliiacha pale pale dukani, na nyuma yake ilikuwa na alama za mahali iliposafishwa, zikawafikisha polisi kwa aliyeiagiza. Na mmoja wao alikuwa ameiandikia barua kampuni iliyowauzia zile sura za bandia, akiwasifu kwa kazi nzuri. Walipofikishwa mahakamani, mwendesha mashtaka aliomba aonyeshe vipande vya picha ile ya *The Town*, vya muda wa dakika moja na ushei, ili wazee wa baraza waone jinsi washtakiwa walivyoiga. Walikata rufani, wakisema haikuwa haki kuwaonyesha wazee senema. Mwaka 2017 mahakama ya rufani ikasema ilikuwa haki. Mwalimu wao amekuwa shahidi wa upande wa pili.

Tungeweza pia kumtaja Redoine Faïd wa Ufaransa, ambaye hakuficha mapenzi yake kwa senema za ujambazi. Mwaka 2009, mjini Paris, alisimama mbele ya Michael Mann, mtengenezaji wa picha ya *Heat*, akamwambia kwamba alikuwa kwake kama mshauri wa ufundi. Mwaka 2013 alitoroka gerezani kwa kulipua milango. Akakamatwa baada ya wiki chache. Tarehe 1 Julai 2018 alitoroka kwa helikopta iliyotua ndani ya ua wa gereza, jambo ambalo hata senemani mtu angelitilia shaka. Dunia nzima ilistaajabu. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo huo alikamatwa Creil, mji wake wa kuzaliwa, akiwa kwa watu wake. Helikopta ilimtoa gerezani, na moyo ukamrudisha nyumbani, ambako polisi wa nchi yoyote hutazama kwanza. Nayo picha ya *Heat*, kwa taarifa ya msomaji, ilitokana na habari ya kweli ya mpelelezi wa Chicago na jambazi aliyemwinda, akamwua mwaka 1964. Yaani mara nyingi si jambazi aliyejifunza kwa senema. Ni senema iliyojifunza kwa jambazi, tena jambazi aliyekwisha shindwa.

Msomaji makini atatuzuia hapa. Atasema: "Mwawataja waliokamatwa tu. Wale waliojifunza barabara hawakukamatwa, wala hamwajui." Pingamizi hili ni la haki, wala halijibiwi kwa kutaja mifano mingine kumi. Lahitaji jaribio, na jaribio limefanyika. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Mainz, Ujerumani, walitoa matokeo ya uchunguzi wao mwaka 2018. Walitaka kujua kama michezo ya televisheni ya namna ya *CSI*, iliyoanza Marekani mwaka 2000 na kuonyesha wapelelezi wakikamata watu kwa unywele mmoja au tone la damu, yawasaidia wahalifu. Walilinganisha takwimu za polisi za miaka ya kabla na ya baada ya michezo hiyo. Wakawauliza wafungwa. Kisha wakawapa watu, watazamaji na wasio watazamaji, kazi ya kuigiza uhalifu na kufuta athari zake, wakahesabu nani aliyefuta vizuri. Watazamaji hawakuwazidi wenzao. Waliofanya vizuri zaidi walikuwa vijana, wanaume, na wenye elimu kubwa. Kama twataka kupiga marufuku kitu kimfanyacho mhalifu kuwa hodari, basi kwa kufuata hesabu hiyo itatupasa tuanze na shule.

Kwa nini mambo yawe hivyo? Sababu moja ni nyepesi: kile ambacho mwizi amekiona jana usiku katika televisheni, sajini wa polisi naye amekiona jana usiku. Siri iliyotangazwa kwa watu milioni si siri tena. Sababu ya pili ni kwamba mengi ya yaonyeshwayo ni ya kubuni, au yamefupishwa mno. Uchunguzi wa vinasaba unaohitaji siku na majuma humalizika senemani kabla chai haijapoa. Lakini sababu iliyo kubwa ni ya tatu, nayo ndiyo tuliyokusudia kuieleza. Senema huonyesha kwamba mtu hukamatwa na mitambo. Katika dunia hii yetu mtu hukamatwa na watu.

Ushahidi bora wa neno hili twaupata katika kesi ile ile ambayo wapenda mitambo hujivunia. Huko Leicestershire, Uingereza, wasichana wawili waliuawa, mmoja mwaka 1983 na mwingine mwaka 1986. Polisi waliomba damu kwa wanaume wa vijiji vya jirani, wakapima zaidi ya 5,000, wakitumia elimu mpya ya vinasaba iliyogunduliwa na Profesa Alec Jeffreys mwaka 1984. Hawakumpata. Muuaji, ambaye alifanya kazi katika tanuri la mikate, alikuwa amemshawishi mfanyakazi mwenzake atoe damu kwa jina lake. Hila hiyo hakuiona katika mchezo wowote wa vinasaba, kwa kuwa haikuwapo bado. Hata mwaka 1987, wafanyakazi wa tanuri lile walipokuwa wakinywa bia, yule mwenzake akalopoka kwamba alimtolea fulani damu. Mwanamke mmoja aliyesikia hakunyamaza, alikwenda polisi. Damu ilipopimwa ikalingana, na mwaka 1988 mtu huyo akahukumiwa kifungo cha maisha. Mitambo ilithibitisha, lakini aliyemfichua ni mwanamke aliyekaa kilabuni na kusikia.

Wahenga wetu walijua haya kabla ya darubini. Waliposema kwamba siku za mwizi ni arobaini, hawakusema kwamba siku ya arobaini ataacha alama ya kidole. Walijua kwamba atazoea, atajisifu, atagombana na mwenziwe katika kugawana, atampa mwanamke pete. Wasomaji waliosoma Biblia ya Wakatoliki wataikumbuka habari ya Susana na wazee wawili waliomsingizia uzinzi. Danieli aliwatenga wazee wale, akamwuliza kila mmoja ni chini ya mti gani walimwona. Kila mmoja akataja mti mwingine, na uongo ukaanguka. Hapakuwa na mtambo, palikuwa na swali lililoulizwa kwa akili. Na mwandishi wetu Muhammed Said Abdulla, aliyempa Bwana Msa kazi ya upelelezi katika *Mzimu wa Watu wa Kale* kilichochapishwa mwaka 1960, alimfanya mtu wa kuvuta kiko na kuuliza maswali. Vitabu hivyo vilisomwa na maelfu ya vijana kabla ya televisheni, nao waliovisoma wakawa walimu na makarani.

Tena tusisahau hesabu za nchi yetu wenyewe. Zanzibar ilipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa nayo mpaka miaka ya 1990. Je, kabla ya hapo hapakuwa na wevi Bara? Katika miaka ya 1980 wananchi wa Usukuma na Unyamwezi waliunda sungusungu kwa sababu ng'ombe wao walikuwa wakiibwa na watu wakiuawa. Wevi wale wa ng'ombe hawakuwa na umeme, sembuse televisheni. Na hata leo wizi unaomgusa mfanyakazi kila siku ni ule wa simu: ujumbe usemao "ile hela tuma kwenye namba hii", au sauti ya upole ijifanyayo mtumishi wa kampuni. Hakuna senema ya Hollywood iliyofundisha neno hilo. Walilitunga watu waliokwisha chungua jinsi sisi tunavyotumiana fedha tangu huduma hizo zilipoanza, nao ni walimu wa wao kwa wao. Tangu mwaka 2019 laini za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na wao wakageukia kutumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine. Ikiwa kuna chuo cha wevi, chuo hicho ni mwizi mwenzao, na darasa lake mara nyingi ni gereza ambamo mahabusu wa kuku moja hulazwa pamoja na bingwa wa kuvunja maduka.

Kwa maneno haya hatusemi kwamba senema haina dhara lolote. Ina dhara, ila laangukia mahali pengine. Mtu aliyepumbazwa na michezo hii si mwizi. Ni sisi tuliobaki. Huko Marekani, mwaka 2006, Jaji Donald Shelton wa Michigan aliwauliza wazee wa baraza wapatao 1,000 kabla hawajasikiliza kesi, na karibu nusu yao walisema watarajia ushahidi wa kisayansi katika kila kesi ya jinai. Hakuona kwamba watazamaji wa michezo ile huwaachilia washtakiwa kuliko wengine, lakini matumaini yenyewe yalikuwa makubwa. Nasi tumeanza kufikiri vivyo hivyo. Twaona kwamba upelelezi ni kazi ya wataalamu wenye makoti meupe, na kwamba raia kazi yake ni kutazama.

Nchi yetu inayo elimu hiyo. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima vinasaba, na ipo sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009. Lakini Mkemia Mkuu hupima kile alichopelekewa. Nyumba ikivunjwa mtaani petu, kabla askari hajafika watakuwa wamekwisha ingia majirani thelathini, kila mmoja ashika kitasa, kila mmoja ainua kufuli iliyovunjwa aitazame, na mtoto ameokota nondo aende kuichezea. Mwizi hakuhitaji kuvaa glovu. Sisi tumemfutia alama zake bure.

Baya kuliko hilo ni pale mtu akamatwapo barabarani, ikapigwa kelele ya "Mwizi!", na umati ukamwua kwa mawe na moto. Twalisema hili tukijua kwamba baadhi ya wasomaji wetu watachukia, maana hasira ya mtu aliyeibiwa mara tatu twaifahamu. Lakini tufikiri kama wapelelezi. Mtu yule alikuwa na wenzake; alikuwa na aliyempa habari kwamba mshahara umefika; alikuwa na mnunuzi wa mali ya wizi, mwenye duka na jina zuri mtaani. Wote hao walikuwa katika kinywa chake. Alipokufa, walipona. Tena mara nyingine yule aliyeuawa hakuwa mwizi kabisa, bali mgeni aliyepotea njia, na mwizi mwenyewe alikuwa katika umati akirusha jiwe. Hakuna senema iliyowahi kumpa jambazi kinga iliyo bora kuliko hiyo.

Kuhusu marufuku, tangu mwaka 1976 tunayo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, na ipo Bodi ya kukagua picha na kutaja umri wa watazamaji. Iendelee na kazi yake, na wenye vibanda vya video wasiwaingize watoto usiku kutazama damu. Hiyo ni habari ya malezi, nayo yastahili makala yake. Hali kadhalika mtungaji mwenye akili hahitaji kueleza vipimo vya baruti ili hadithi yake ipendeze. Lakini anayedai kwamba kwa kufunga kibanda cha video atakuwa amepunguza wizi mtaani anajidanganya, na atawapa viongozi wavivu udhuru wa kusema kwamba jambo limekwisha shughulikiwa.

Kazi iliyobaki ni ya balozi wa nyumba kumi, ambaye Chama kilimweka tangu miaka ya 1960 ili awajue watu wake: nani amehamia, nani ametajirika bila kazi, nani anunua simu na televisheni kwa bei ya kutupa bila kuuliza zimetoka wapi. Mwizi akivunja, balozi asimamishe watu wawili mlangoni mpaka askari afike, asiingie mtu, hata mwenye nyumba. Akikamatwa mtu, balozi ndiye wa kusimama kati yake na mawe.

Kisha kuna habari ya mashahidi. Kesi nyingi hazifi kwa sababu mshtakiwa alikuwa mwerevu. Hufa kwa sababu shahidi alikuja mara ya kwanza kesi ikaahirishwa, akaja mara ya pili ikaahirishwa, na mara ya tatu akaenda kazini. Hatumlaumu. Kibarua wa kiwandani akikosa siku hukosa posho ya siku, na nauli ya kwenda mahakamani yatoka katika mfuko ule ule wa unga. Tungependa vyama vya wafanyakazi, vinapokaa na waajiri kuandika mikataba ya hali bora, viingize kifungu kwamba siku ambayo mfanyakazi ameitwa mahakamani kutoa ushahidi ihesabiwe kuwa siku ya kazi na alipwe. Gharama yake kwa mwajiri ni ndogo, hasa yule ambaye ghala lake ndilo lililovunjwa.